Maisha ya Baba Yangu, Mtu wa Reli

Natumaini mmekwisha kaa, kalamu ziko mkononi, na kina mama wenye watoto wachanga wamewanyonyesha wakatulia. Nanyi mtakaosoma maneno haya katika karatasi baada ya kuyasikia redioni, nawaambia msiharakishe. Someni kipande kimoja, mwulizane, ndipo mwendelee na kingine.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuandika barua, kuandika stakabadhi na kujaza fomu. Hayo ni maandishi ambayo wakubwa wa ofisi hututaka tuyaandike. Leo tutaandika kitu ambacho hakuna ofisi itakayokuomba. Tutaandika habari za maisha ya baba. Kama ulilelewa na mama peke yake, au na babu, au na mjomba, basi andika habari za huyo aliyekulea. Kazi ni ile ile.

Najua mmoja wenu atasema, "Mwalimu, baba yangu hakuwa mtu mkubwa. Hakuwa chifu wala mbunge. Nitaandika nini?" Mimi pia nilidhani hivyo zamani. Baba yangu alikuwa mtu wa kutengeneza njia ya reli, na nilipokuwa msichana nilimwonea haya. Nitawaeleza habari zake, na katika kueleza nitawaonyesha jinsi nilivyozipata, maana hazikuja zenyewe. Nyingine nilizikosa kabisa kwa sababu sikuuliza.

Jambo la kwanza lililonishinda ni mwaka aliozaliwa. Cheti chake cha kazi kilisema 1925. Mwenyewe alisema kwamba mwaka huo ulitoka kichwani mwa karani, aliyemtazama uso akakisia. Siku moja nikamwuliza, "Baba, ulizaliwa lini?" Akajibu, "Nitajuaje, mwanangu, nami nilikuwa mdogo?" Akacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Baada ya siku nyingi nikamwuliza tena, lakini kwa njia nyingine. Nikasema, "Bibi alikuambia ulizaliwa wakati wa jambo gani?" Akajibu pale pale, bila kufikiri: "Baada ya Mtunya. Mvua zilikuwa zimerudi, watu wamevuna uwele kwa mara ya kwanza, ndipo nilipozaliwa."

Wanakisomo mlio Dodoma mnalijua jina hilo, lakini wengine hawalijui. Mtunya ni jina la njaa kubwa iliyoingia nchi ya Wagogo kati ya 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika nchi yao. Majeshi ya Wajerumani yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Majeshi ya Waingereza yakaja nayo yakachukua kilichobaki. Kisha mvua zikakosa. Halafu ikaja ile homa ya mafua ya mwaka 1918 iliyoua watu duniani kote. Nyumba nyingi zilibaki bila mtu. Basi, kama baba alizaliwa baada ya hayo, alizaliwa mwaka 1920 au 1921. Karani alimpunguzia miaka minne hivi.

Mnaona? Swali la kwanza halikuleta kitu, la pili likaleta mwaka. Watu wazima wengi hawakumbuki tarakimu, lakini hukumbuka mambo. Wewe unayetoka Lindi, mwulize mzee wako kama alikuwa amezaliwa wakati wa ile tufani ya mwaka 1952, na kama alikuwa akitambaa au akitembea. Wa Unguja, mwulize alikuwa wapi siku ya Mapinduzi, Januari 12, 1964. Wa Kagera, mwulize juu ya vita vya 1978. Mwingine atakuambia alianza shule mwaka wa Uhuru, 1961, au alioa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967. Shika jambo moja kama hilo, kisha hesabu kwenda nyuma na kwenda mbele.

Haya, turudi kwa baba.

Alizaliwa katika tembe. Tembe ni nyumba ya Kigogo, ya miti na udongo, yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Babu yangu alikuwa na ng'ombe kabla ya Mtunya. Baada ya Mtunya hakuwa na hata mmoja. Akaenda kwa jirani mwenye mali akapewa ng'ombe saba awatunze. Ng'ombe si wake, maziwa ni yake. Baba alipokuwa na umri wa kushika fimbo ndiye aliyewachunga.

Kulikuwa na shule moja ya misheni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Baba hakupelekwa. Mimi simlaumu babu. Ng'ombe wa watu hawana likizo, na mtoto akienda shule mchungaji atakuwa nani?

Malisho yalikuwa karibu na reli. Ile ndiyo reli iliyojengwa na Wajerumani, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200. Baba aliniambia kwamba kila gari la moshi lilipopita, watoto wote wa malishoni waliinua fimbo kuliamkia kama mtu mkubwa. Hilo ni jambo dogo, lakini nimeliandika. Ukisikia jambo dogo kama hilo kwa mzee wako, uliandike upesi, maana ndilo hupotea kwanza.

Mwaka 1947 akasikia kwamba wazungu wanatafuta watu Kongwa. Vita ya Pili ilikuwa imekwisha. Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu. Walianzia Kongwa, katika nchi ile ile ya Wagogo. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Baba akawa kibarua wa kukata na kuchoma visiki. Hapo ndipo alipovaa viatu kwa mara ya kwanza, vikamtoa malengelenge, akavivua akavifunga shingoni.

Nilipenda sana alivyonieleza habari za Kongwa, maana alizieleza huku akitikisa kichwa. Ardhi ya pale wakati wa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama saruji. Mashine zilivunjika meno. Mvua nazo ni chache na hazitabiriki. Wazee wa Kigogo hulima uwele na mtama kwa sababu wanaijua mbingu ya kwao, lakini katika mipango ile hawakuwa na sauti. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Baba hakupoteza pauni hata moja. Alitoka na blanketi, sufuria na vile viatu, akaenda kuomba kazi reli.

Akaandikwa katika genge, yaani kikundi cha watu wanaotunza kipande kimoja cha njia. Kambi yao ilikuwa kati ya Gulwe na Kilosa. Hapo ndipo nilipozaliwa mimi, mwaka 1957.

Watu wengi hudhani reli ikishawekwa imewekwa. Sivyo. Reli ni chuma, na chuma hurefuka kidogo kwa joto la mchana na kurudi kwa baridi ya usiku. Ndiyo maana katika njia ile ya zamani waliacha nafasi ndogo kati ya reli na reli, pale zinapoungana, na ndiyo maana ukipanda gari la moshi unasikia taka-taka, taka-taka. Kila gari linapopita, bolti hulegea kidogo. Chini ya reli kuna mataruma. Taruma ni kile kipande kinacholala chini, kinachozishika reli mbili zisiachane. Katika njia yetu mengi yalikuwa ya chuma. Upana kati ya reli mbili ni mita moja kamili. Reli mpya ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, ni pana zaidi.

Kila asubuhi mtu mmoja wa genge alitembea kipande chote, nyundo begani na spana mkononi. Baba alifanya kazi hiyo miaka mingi. Aligonga na kusikiliza. Pale palipokaza palitoa sauti moja, na palipolegea palitoa nyingine. Nilipokuwa mdogo alinichukua mara mbili tatu, akanifumba macho, akagonga, akaniuliza, "Hapa pazima au pagonjwa?" Nilikosea karibu kila mara. Yeye hakukosea.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya masika. Katika sehemu ile reli inafuata bonde la mto Mkondoa. Mto ukijaa hula tuta, na reli hubaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Hapo genge zima hutoka usiku kwa taa, hujaza mawe, hubeba mataruma, hulala hapo hapo. Mto huo haujaacha tabia yake. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliiharibu vibaya njia ile ile.

Habari za ndoa yake nitazipita upesi, kwa sababu mama alizoea kusema ni zake, si zangu. Mama alikuwa akiuza maziwa na mayai kwa abiria stesheni. Baba alikuwa akinunua mayai ambayo hakuyahitaji. Walizaa watoto saba, tukaishi watano.

Sasa nafika mahali ambapo nisingependa kufika, lakini kama nikiparuka somo hili halina maana.

Baba alikuwa hajui kusoma, na hakuna mtu kambini aliyejua hivyo isipokuwa mama na karani mmoja wa stesheni. Jioni baba alikaa mlangoni na gazeti la Ngurumo, akalitazama kwa makini, akageuza kurasa, na mtu akikaribia alilikunja akaanza mazungumzo mengine. Mara mbili walitaka kumfanya nyapara wa genge, mara ya kwanza mwaka 1959, ya pili mwaka 1966. Mara mbili alikataa. Alisema macho yake ni mabovu. Macho yake yalikuwa mazima. Nyapara ilimpasa kuandika kitabu cha kila siku: nani amekuja, kazi gani imefanyika, mataruma mangapi yamebadilishwa. Vijana aliowafundisha yeye kushika nyundo wakawa wakubwa wake. Sisi watoto tulimwona ni mtu asiyependa kupanda. Nilimwambia hivyo usoni wakati mmoja, na hakunijibu.

Mwaka 1963 alipata barua kutoka kwao. Ilikuwa imeandikwa na mtoto wa shule kwa niaba ya baba mkubwa. Barua za baba zote zilisomwa na yule karani, faraghani, lakini wakati huo karani alikuwa amekwenda likizo. Walikuwako wengine wanaojua kusoma. Nyapara alijua. Mwenye duka alijua. Lakini mtu aliyekuwa akitazama gazeti kila jioni angewaambia nini? Basi akaitia barua katika mfuko wa shati akangoja. Nilikuwa na miaka sita, na nakumbuka ule mfuko, maana mkono wake ulikuwa ukienda pale kila saa.

Alingoja siku 19. Karani aliporudi akamsomea: "Mama yako anaumwa sana, njoo upesi." Usiku huo huo baba akapanda gari la moshi. Kwao palikuwa si mbali, mwendo wa saa chache tu. Akakuta bibi amezikwa siku tisa zilizopita na watu wa matanga wamekwisha tawanyika.

Sikulijua jambo hili kwa kuambiwa na baba. Mama ndiye aliyenieleza, nilipokuwa mkubwa. Kwa hiyo nawaambia, mkiandika habari za baba msimwulize baba peke yake. Mwulizeni mama. Waulizeni shangazi na rafiki wa kazini. Baba atakupa habari za Kongwa akicheka, lakini nyingine hatakupa.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wa Ugogo wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kijiji cha baba kikahama nacho. Tembe ikabaki peke yake, ikaanguka, na kaburi la bibi likabaki kule kule.

Mwaka huo huo mimi nilimaliza darasa la saba. Rais Nyerere alikuwa ameufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baadaye ikaamriwa kwamba mpaka mwisho wa 1975 kila mtu mzima awe amejifunza kusoma na kuandika. Ilikuwa kazi kubwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, kati ya watu wazima 100, watu 67 walikuwa hawajui kusoma. Walimu wa kutosha walikuwa hawapatikani, kwa hiyo tuliomaliza darasa la saba tukaombwa kufundisha. Nami nikapewa darasa, chini ya mkwaju, saa kumi za jioni. Nilikuwa na miaka 16.

Siku ya nne, mwaka 1973, nikainua macho nikamwona baba amekaa nyuma ya wote, juu ya taruma bovu, daftari gotini.

Sikujua nifanye nini. Nyumbani mimi ndiye niliyemtilia maji ya kunawa. Ningemwambiaje asimame asome? Lakini nilipofika kwake alisimama mwenyewe, akasema, "Mwalimu, mimi sijui." Hakusema "mwanangu." Tangu siku hiyo, chini ya mkwaju aliniita mwalimu, na tukivuka kizingiti cha nyumba aliniita mtoto na kunituma maji kama kawaida. Sisi wawili hatukulizungumza jambo hilo hata mara moja.

Aliishika penseli kama mtaimbo. Aliivunja kila siku. Herufi zilimpa taabu, mpaka nilipogundua kwamba anazijua tarakimu zote. Kando ya reli kuna nguzo zenye namba, na alikuwa amezisoma kwa miaka zaidi ya 20 pasipo kudhani kwamba huko nako ni kusoma. Basi nikaacha kitabu kwa muda. Nikamwandikia neno "reli," nikamwandikia "taruma," nikamwandikia "nyundo." Maneno hayo aliyakamata. Baadaye tukarudi kitabuni. Walimu wenzangu mnaosikiliza, nadhani mmenielewa.

Mwezi Agosti 1975 ulifanywa mtihani wa taifa zima. Baba akafaulu. Katika nchi nzima wasiojua kusoma walishuka kutoka 67 mpaka 39 katika kila watu wazima 100. Jioni moja baada ya mtihani akaniita chumbani. Akafungua kasha lake la bati, akatoa ile barua ya mwaka 1963. Ilikuwa imekatika katika mikunjo. Akasema anataka kuisoma mwenyewe, nami nikae tu, nisimsaidie.

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akafika pale, "Mama yako anaumwa sana, njoo upesi." Nikadhani ndio mwisho. Kumbe palikuwa na mstari mwingine chini, ambao karani hakuusoma. Baba akausoma silabi kwa silabi. Ulisema: "Kila gari la moshi likipita anauliza kama umeshuka."

Akaikunja barua, akairudisha kasikini, akafunga, akaenda nje.

Nimemfikiria sana yule karani. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliona siku 19 zimekwisha pita, akaona mstari ule hautamsaidia mtu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikiwasomea majirani barua zao, nimeruka mistari. Nilidhani ninawahurumia. Tangu jioni ile sijaruka tena.

Baada ya hapo baba aliomba daftari jipya. Sikumwomba mimi, aliomba yeye. Akaanza kuandika habari zake. Ninalo daftari hilo hapa mezani ninapozungumza nanyi. Lina kurasa 11 za penseli. Herufi ni kubwa, na neno "Kongwa" ameliandika kwa namna tatu mbalimbali. Linaanza na Mtunya na linakwisha mwaka 1951, siku alipopewa nyundo. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Nilimwuliza mbona ameacha. Akasema, "Kuanzia hapo mnajua wenyewe."

Lakini sisi hatukujua. Mwaka 1976 walimtaka tena awe nyapara, safari hii akakubali, akaandika kitabu cha kila siku kwa mkono wake mpaka alipostaafu mwaka 1980. Aliandika nini katika vitabu vile? Alifikiri nini siku ya kwanza alipouandika usiku wa mafuriko badala ya kuusimulia? Sikuuliza. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto, nilikuwa nikienda kumsalimu siku mbili na kurudi. Alifariki mwaka 1992. Wenzake wawili wa genge ndio walionieleza baadhi ya mambo niliyowaeleza leo, na mmoja wao alikumbuka nguzo aliyokuwa akisimama baba kila asubuhi kupumzika, lakini hakukumbuka kwa nini ilikuwa ile na si nyingine.

Kaburi la bibi tulilitafuta mwaka uliofuata, mimi na kaka. Katika daftari baba ameandika kwamba tembe ilikuwa "mahali mbuyu wenye tundu na reli zinapoonekana pamoja." Kwa maneno hayo tulipaona. Mbuyu upo. Mawe ya kaburi yapo, matatu.

Sasa kazi ya wiki hii. Nenda kwa mzee wako, kama yu hai, au kwa mtu aliyefanya naye kazi, kama amekwisha tangulia. Usimwambie, "Nieleze maisha yako," maana atakujibu kama baba alivyonijibu mimi. Mwulize alizaliwa wakati wa jambo gani. Mwulize chombo cha kwanza alichokishika kazini kilikuwa nini, na kilikuwa na uzito gani. Mwulize ni nani aliyemsomea barua zake. Akinyamaza, nawe nyamaza, usimkimbize. Kisha andika sentensi tano, hata kama tahajia haikukaa sawa. Mwalimu wako asizisahihishe kwanza. Andika juu ya karatasi jina la mahali na tarehe uliyomwuliza.

Walimu wa madarasa, zikusanyeni karatasi hizo, kila mwanakisomo asome yake mwenyewe mbele ya wenzake. Tutakutana tena wiki ijayo, saa hizi hizi. Kwaherini. Na nyinyi wa kwetu, mbukwenyi.